Umelelewa Tu

Mshauri hakuwa mtu wa kupendeka haraka, na wengi waliomjua hawakumpa nafasi ya kupendeka polepole. Alikuwa mnene, mwepesi wa kutembea, na alipozungumza Kiingereza kwenye simu watu waliopita koridoni walinyoosha mgongo. Alifanya kazi katika chuo kikuu kimoja huku kaskazini magharibi mwa London, na kazi yake ilikuwa kuwashauri wanafunzi wenye usonji: wachukue masomo gani, waombe kuongezewa muda lini, wakae wapi kwenye chumba cha mtihani, wamwambie nini mwalimu asiyetaka kuelewa. Alizaliwa mtaa gani Mombasa na ukoo wake ni upi, hayo siyajui vizuri wala sikuwahi kuuliza. Nitamweleza kama nilivyomwona, na nilimwona kwa muda wa miaka karibu miwili, nikiwa nimekaa kwenye kiti kilicho jirani na birika lake la chai.

Sikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Hilo ndilo hasa ninalotaka kulisema hapa, na nitalifikia.

Nilikuwa nasoma famasia. Tulitoka Tanga mimi na mama nilipokuwa msichana wa sekondari, tukapanga Kilburn, mama akapata kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao, nami nikawa na nia moja tu, kuwa mfamasia. Udaktari sikuutaka, madaktari hukutana na watu ghafla mno. Katika famasia kila kitu kina jina lake, kipimo chake na rafu yake, na mtu akikuuliza unalo jibu. Sijawahi kutaka kitu kingine kwa nguvu namna ile. Basi wiki ya kwanza ya chuo nilipotea kwenye jengo lao lile lenye korido za kufanana, nikasikia mtu anamgombeza fundi bomba wa Mombasa kwa simu, anamwambia wizi huo kaurithi. Nikasimama mlangoni hadi alipomaliza, nikamwamkia. Akanitazama toka juu hadi chini, akaitikia marahaba, akasema niingie nimwekee maji ya chai. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa chumba kile.

Chumba chenyewe kilikuwa mwisho wa korido, jirani na stoo ya viti vibovu. Taa ya dari hakuiwasha hata siku moja, kwa sababu ilikuwa na mvumo mdogo ambao watu wengi hawausikii, na wanaousikia hawawezi kusikia kingine. Alileta taa ya mezani kutoka kwake. Kioo cha mlango alikifunika kwa leso ili mwanafunzi aliye ndani asitazamwe na wapita njia. Mlinzi wa jengo alikuja kumwambia kwamba sheria za moto hazikubali vitambaa mlangoni. Mshauri akaivua leso mbele ya macho yake, akaikunja vizuri, akamshukuru, na mlinzi alipofika ngazini leso ilikuwa imesharudi mahali pake. Waliendelea hivyo mpaka mlinzi akachoka.

Alikuwa mtu wa udi. Kwake Wembley ukiingia nguo zako zilikunukia hadi wiki ya pili, na alijua udi wa bei gani ni wa kweli na upi ni taka za mbao. Lakini nguo za kazini alizitenga kwenye kabati nyingine, ndani ya mfuko uliofungwa, asije akamtia maumivu ya kichwa mtu asiyestahimili harufu. Mwanamke wa pwani kutoka nje bila harufu yoyote si jambo dogo, na kwenye harusi alizopitia akitoka kazini wenzake walimsema. Alijibu kwamba anabana matumizi. Hakutaka ijulikane kuwa ana huruma. Ukimwambia ana huruma alikasirika kwelikweli, na siku hiyo chai utaisikia harufu tu.

Wanafunzi wake hakuwasalimia. Yule yule aliyetaka mimi nimwamkie, nimwulizie usiku wake, kazi zake na jamaa zake wa Mombasa, alipoingia mwanafunzi hakumwuliza hata hali. Alisema swali la hali ni la uongo kwa sababu anayeuliza hataki jibu, na hawa watoto wakiulizwa huanza kulitafuta jibu kweli, wakachoka kabla mazungumzo hayajaanza. Badala yake alimweleza mtu kitakachotokea: tutakaa hapa mpaka saa fulani, nitakuuliza juu ya ile kazi ya takwimu, halafu utaondoka, na ukitaka kuondoka kabla mlango uko wazi. Niliona mabega yakishuka. Kila alipoyasema maneno hayo, hata yangu yalishuka, nikiwa pale kwenye birika na hakuna aliyekuwa akinitazama.

Wala hakuwafariji. Mwanafunzi akimwuliza kama atafaulu, alisema hajui. Alisema ukikosa maabara tena utafeli, ukihudhuria huenda ukafaulu, sasa tuangalie kinachokuzuia kuhudhuria. Walimu wengine waliona ukatili. Mimi naona alikuwa mtu pekee katika jengo lile ambaye maneno yake ungeweza kuyaegemea yasikuangushe, na wanafunzi walimrudia kwa sababu hiyo, japo hakuna aliyewahi kumletea hata kadi.

Kulikuwa na kijana wa Kiingereza aliyekaa Croydon. Aliacha kuja chuoni kwa sababu ya kazi za barabara, kituo chake cha tramu kilikuwa kimehamishwa, na walimu wake wakaandika kwamba ni mvivu. Mshauri alitoka Wembley alfajiri, akaikata London nzima hadi Croydon, akasimama na yule kijana kwenye kituo kipya, wakasafiri pamoja hadi chuoni bila kusemeshana. Alifanya hivyo asubuhi nyingi, mpaka siku moja kijana akamwambia kwa heshima kwamba anamchosha na angependa kusafiri peke yake. Mshauri alinisimulia hayo akicheka hadi machozi yakamtoka. Sikumwona akifurahi hivyo mara nyingi.

Na alikuwa na jicho. Kuna binti mmoja wa Kihindi ambaye hakuna aliyemtuma kwake, wala hakuwa na karatasi yoyote ya daktari. Mshauri alimtambua kwa namna alivyokula chakula cha mchana: amesimama kwenye ngazi za dharura, uso ukutani, anatafuna haraka. Alimwita, akamsikiliza, akagundua yuko mbioni kuacha masomo. Baba yake alikuwa na duka la vyombo Wembley, mtu wa Kisumu, na Kiswahili chake kilikuwa bado kizima. Nyumbani hawakutaka kulisikia neno usonji kwa kuhofia binti atakosa posa. Basi Mshauri akaenda dukani, nami nikambebea mkoba. Akanunua sufuria asiyoihitaji, akakubali chai, akasifu duka, akauliza habari za Kisumu, na chai ilipofika nusu akamwambia mzee kwamba binti si mgonjwa wala hana laana, ila akiendelea kuwekwa kaunta kila jioni atashindwa chuo.

Mzee akakataa. Alisema binti hapati shida yoyote dukani, anasalimia kila anayeingia, wateja wanampenda.

"Anasalimia kwa sababu mmemfunza kusalimia," Mshauri akamwambia. "Ile ni kazi, bwana. Aifanya mpaka nguvu zamwisha, halafu chuo hakipati kitu. Wewe waona tabasamu, mimi naona mtu amebeba gunia."

Nilikuwa nimesimama kando ya rafu ya vikombe na mkoba wake mkononi, nikaganda. Nilidhani ananisema mimi. Niliona kama ameniona, kwamba amenileta pale makusudi nisikie, na tukitoka nje ataniambia. Tulipotoka akalalamika juu ya bei ya sufuria mpaka basi likafika. Yule binti aliandikiwa mpango wake wa msaada, akapewa muda na chumba cha peke yake cha mtihani, akaendelea na masomo.

Hapa inabidi nieleze kuhusu adabu, kwa sababu bila hiyo haitaeleweka Mshauri alikosea vipi.

Watu huzungumza juu ya adabu ya kwetu kana kwamba hutoka moyoni. Yangu ilitoka kichwani. Mama alinifundisha, na kwangu ilikuwa rahisi kwa sababu kila kitu kilikuwa na kanuni. Mkubwa unamwamkia wewe kwanza. Macho chini. Unauliza alivyolala, kisha watoto, kisha maradhi ya mwisho uliyosikia anayo. Ukiitwa unaitika na kwenda. Ukiambiwa jambo unasema sawa, mama. Hukatizi, hucheki kwa sauti, huondoki mpaka uruhusiwe. Sikuhitaji kukisia mtu anawaza nini, nilihitaji kukumbuka tu kinachofuata. Tanga nilisifiwa nyumba hadi nyumba. London ndiko kanuni zilipoishia, kwa sababu hapa kila mtu anajitungia zake na hakuambii. Kwenye kundi la maabara wenzangu walicheka na sikujua kwa nini, nikikaa kimya waliona najivuna, nikisema walitazamana. Taa zilivuma. Feni za kutolea moshi zilivuma zaidi. Nilirudi Kilburn nikalala sakafuni, kwa sababu kitanda kilikuwa na kelele.

Kwa hiyo nikaiba. Kila alichowashauri wengine nilikichukua pale kwenye birika. Alimwambia mmoja aingie maabara kabla ya wenzake, nikaanza kuingia kabla. Alimwambia mwingine asione haya kula chakula kile kile kila siku, nikala wali na maharage muhula mzima. Alimfundisha mtu kumwandikia mwalimu maswali badala ya kumwendea, nikaandika. Iliniwezesha kuumaliza mwaka wa kwanza na sehemu ya wa pili. Nilikuwa nikiyatafuna makombo ya meza yake naye ananisifu kwa wageni, kwamba mtoto wa Kiswahili ni huyu, si hawa wetu wa kuzaliwa huku, ukiwaamkia kwa Kiswahili wanakujibu "hi".

Wako aliowapoteza, na hao hakuwasahau. Mmoja alikaa Kilburn, mitaa miwili kutoka kwetu. Alijifungia chumbani kwao akaacha chuo, akaacha na chakula. Mshauri alikwenda kubonyeza kengele kila Ijumaa baada ya kazi, mpaka wakubwa wake wakamwandikia barua kwamba mshauri wa masomo haruhusiwi kufuata watu nyumbani. Akaacha. Majira ya baridi yule mwanafunzi akafariki, kwa mkono wake mwenyewe. Chuo kilituma maua. Mshauri alikwenda siku ya mazishi akasimama ng'ambo ya barabara kwa kuwa hakualikwa, na Jumatatu alirudi kazini, akaingia chumbani, akaketi na koti mwilini mpaka chai ikapoa.

Baada ya hapo alibadilika. Akawa anawagawa watu mafungu mawili, wanaoanguka na wanaosimama, na nguvu zake zote akazipeleka kwa wanaoanguka. Simlaumu kwa hilo. Namlaumu kwa kuniweka kwenye fungu la pili bila kunitazama.

Muhula ule ule chumba chake kikachukuliwa. Chuo kilijenga ukumbi mpya wa huduma kwa wanafunzi, kuta za kioo, viti vya rangi, muziki wa chini kwa chini, kila mshauri na meza yake hadharani. Leso haikuwa na mlango wa kufunika tena. Wanafunzi wake wakapungua, kisha akaulizwa kwa nini wanapungua. Birika halikuruhusiwa. Nikapoteza mahali pekee katika jengo lile ambapo nilikuwa natulia, na ndani ya wiki chache nikaanza kukosa maabara. Sikuamua kukosa. Nilifika hadi mlango wa maabara, mkono ukakataa kuugusa, nikarudi nyumbani. Ilipotokea mara nyingi ikaja barua: nifike mbele ya kamati, nieleze kwa nini nisiondolewe kwenye kozi ya famasia.

Nilijua kinachohitajika, kwa kuwa nilikuwa nimeketi pale nikisikiliza. Foleni ya kupimwa usonji kwa daktari ilikuwa ndefu kuliko kozi yenyewe, na chuo kilijua hivyo, ndiyo maana mshauri alipewa uwezo wa kuandika maelezo mafupi kwamba mwanafunzi huyu anahitaji msaada huku akisubiri daktari. Alikuwa amewaandikia wengi. Kamati ikiyapata inasitisha kesi. Nilihitaji maelezo hayo tu, la sivyo famasia imekwisha.

Nikaenda ukumbini. Nilikuwa nimejifunza maneno ya kusema kwa siku kadhaa, mbele ya kioo cha bafuni. Lakini alikuwa mkubwa wangu, na mkubwa huwezi kumfikia na haja yako mkono mtupu. Nikamwamkia. Nikamwulizia alivyoamka. Nikamwulizia dada yake wa Mombasa aliyevunjika nyonga, na mume wa dada, kisha magoti yake yeye mwenyewe, maana wiki iliyopita alikuwa analalamika. Alijibu moja moja, uso unamchanua, siku ile ilikuwa mbaya kwake na nadhani nilimliwaza. Watu walikuwa wakipita nyuma yangu. Muziki ulikuwa ukiendelea. Ndipo nikasema, macho yangu yakiwa kwenye ukingo wa meza, kwamba nimeitwa mbele ya kamati, na kwamba naona mimi niko kama wanafunzi wake, na naomba aniandikie.

Alicheka. Haikuwa kejeli, alicheka kama mtu aliyeletewa habari ya kumpumzisha.

"Wewe? Mwenye usonji gani huyo aulizaye magoti ya mtu?" Akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mwanafunzi wake hata mmoja. "Mwanangu, wewe huna kitu. Wewe umelelewa tu. Hapa Uingereza mtoto akiwa na heshima wamwona ana kasoro. Usikubali wakakutia hilo. Nenda kwenye hiyo panel, sema ulikuwa stressed, omba radhi, watakusamehe. Sura yako yatosha."

Nikasema, "Sawa, mama."

Nilisema sawa kwa sababu ndilo neno linalofuata. Nilikuwa nimemaliza maneno yote niliyojifunza, mengine sikuwa nayo. Alikuwa amenishika mkono na ngozi ilikuwa inaniwaka hadi kiwikoni, na yeye, aliyemtambua mtu kwa namna anavyotafuna kwenye ngazi, hakuona. Nyuma yangu alikuwa amekaa mwanafunzi anayejitikisa kitini. Mshauri akaniachia mkono, akamtazama yule juu ya bega langu, na macho yake yakabadilika yakawa ya kazi. Nikaondoka.

Kwenye kamati nilisema nilikuwa na msongo wa mawazo, nikaomba radhi. Waliniuliza kama nimeelewa wajibu wa mwanafunzi wa famasia, nikasema ndiyo. Wakauliza kama kuna tatizo lolote la kiafya ambalo wangepaswa kulijua, nikamkumbuka Mshauri alivyocheka, nikasema hakuna. Wakauliza kama nina la kuongeza, nikasema asanteni. Mwenyekiti, mama mmoja mpole, alisema wanasikitika. Barua ya kuondolewa ilikuja kabla ya mwisho wa wiki. Mama aliisoma akiwa na sare ya kazini, akaiweka juu ya friji, akanipikia ndizi za nazi, na hakulizungumzia tena.

Kiangazi hicho na Mshauri naye akaondolewa. Chuo kilipunguza watu, mahali pa meza yake pakawekwa mashine ya kuchukulia namba ya foleni. Kabla ya kurudi Mombasa alimpigia mama kumuaga na kuuliza habari zangu. Mama akamjibu hajambo, alhamdulillahi, masomo yanaendelea, maana ndivyo mtu mzima anavyomjibu mtu mzima kwenye simu, habari mbaya haipelekwi kwa anayesafiri. Nilikuwa nimekaa pale pale mezani. Miaka ilipita kabla ya zamu yangu kufika kwenye ile foleni ya daktari. Daktari aliongea nami asubuhi nzima, na mwisho akaniuliza ilikuwaje chuo kizima hakikuona. Nikamwambia alikuwepo mmoja mwenye kuona.

Nilimchukia. Nalisema bila kuzunguka, kwa sababu ndivyo alivyotaka watu waseme. Nilimchukia kuliko wenzangu wa maabara na kuliko kamati, wao hawakujua kitu. Na kwa namna ile ile nilizikumbuka nguo zake zisizo na harufu na kituo cha Croydon, na nilipozikumbuka nilikosa pa kuiweka hiyo chuki, nikabaki nayo mkononi.

Sasa nafanya kazi katika duka la dawa Kilburn. Nabandika lebo, napanga rafu, natoa mifuko kwa wateja. Nina sare nyeupe yenye jina kifuani. Mwaka jana, siku ya mvua, alikuja. Alikuwa amekonda, anatembelea fimbo, amerudi kutibiwa moyo na anakaa kwa binti yake. Hakuniona mpaka alipofika kaunta na karatasi yake. Nikamwamkia, mdomo ukawahi kabla yangu.

"Marahaba, marahaba, mwanangu. Yaa Rabbi." Aliweka fimbo juu ya kaunta ili anipe mikono yote miwili. Kisha akamgeukia mwanamke aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, nesi wa Kikenya, akamwambia kwa fahari, "Huyu wamwona? Huyu alikuwa mwanangu wa chuoni. Kuna waliotaka kumpa majina ya magonjwa, nikakataa. Leo pharmacist."

Nesi akanipa hongera. Nikaenda kuleta mfuko wa Mshauri. Aliufungua pale pale, akatoa boksi jipya akalisogeza karibu na macho.

"Hizi ndizo mpya za moyo. Hebu nieleze, nazila na zile za sukari, ama natenga?"

Jibu nilikuwa nalijua. Nimelijua tangu mwaka wa pili, pamoja na sababu yake, na la kufanya akisahau dozi.

"Siruhusiwi kukueleza, mama," nikasema. "Dawa mpya lazima aieleze mfamasia."

"Si wewe?"

"Mimi si mfamasia. Walinitoa kwenye ile kamati. Baadaye daktari alinipima, akakuta nina usonji."

Nesi aliyekuwa nyuma akaanza kutazama dawa za meno.

"Mbona hukuniambia?" akauliza.

"Nilikuambia."

Nilimwona akirudi nyuma kichwani kuitafuta siku ile, na nilimwona anapofika. Uso haukukunjamana, ulilegea tu, ukawa wa mtu mzee sana. Akasema mama yangu alimwambia kwamba nasoma. Nikamwuliza mama angemjibu nini kingine. Nilitaka alie. Nilikuwa nimelingoja hilo kwa miaka, na lilikuwa mbele yangu, na nikagundua silitaki tena. Hakulia. Alilirudisha boksi juu ya kaunta, akalisukuma polepole hadi kwenye vidole vyangu.

"Nieleze wewe," akasema. "Mwingine sitamsikia. Nieleze wewe tu."

Nikalichukua, nikamwonyesha kiti kilichokuwa wazi karibu na dirisha, nikaenda nyuma kumwita mfamasia.